Kutoka Diko la Nungwi Hadi Mizingani

Julai 2007 wavuvi wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, walitoa nyavuni samaki wasiyemwelewa. Habari zilipofika mjini, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walikata mbio kwenda kumwona kabla jua halijamharibu. Walimkuta ana urefu wa mita 1.34 na uzito wa kilo 27, magamba mapana na magumu, na mapezi yaliyoota juu ya vikonyo vya nyama kama miguu iliyokatizwa. Dk. Narriman Jiddawi wa Taasisi ndiye aliyewaambia waandishi wa habari ni nani: silakanti, samaki ambaye wataalamu wa dunia nzima waliwahi kusadiki kwamba ukoo wake ulikwisha pamoja na dinosaria.

Ingetokea vivyo hivyo kama angeshushwa Kendwa, ambako ni mwendo wa miguu tu kutoka Nungwi maji yakiwa yametoka, au Tumbatu ng'ambo ya pili. Toka kaskazini hadi mjini ni kilomita zipatazo 60, na gari ya abiria nambari 116 inazimaliza kabla samaki hajaoza. Historia ya Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo mwaka 2028 itatimiza miaka 50, nimeisoma kwa muda mrefu katika taarifa zenye majina ya miradi na wafadhili. Nikiulizwa, ningeiandika kwa kipimo kingine: masafa yaliyopo kati ya mvuvi mwenye kitu cha ajabu mkononi na mtu anayeweza kumwambia ni kitu gani.

Masafa hayo yalikuwa marefu mno hapo zamani. Silakanti wa kwanza kutambuliwa akiwa mbichi alivuliwa Afrika Kusini Desemba 1938. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho madogo ya East London, alimwona katika rundo la samaki wa meli ya kukokota nyavu, akamchora na kutuma mchoro kwa posta kwa J. L. B. Smith, mkemia aliyegeuka mtaalamu wa samaki. Barua ilimkuta Smith likizoni na jibu lilichelewa. Joto la kiangazi halikungoja mtu. Samaki alichunwa na kukaushwa, matumbo yakatupwa, na kwa miaka 14 sayansi ilikuwa na ngozi yake bila kujua ndani mwake mlikuwa na nini.

Sehemu ya pili ya kisa hicho inapita Unguja, na ni watu wachache hapa wanaoikumbuka. Mwaka 1952 Smith na mkewe Margaret walikuwa wakikusanya samaki katika pwani ya Afrika Mashariki, na hapa Zanzibar walikutana na Eric Hunt, nahodha mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri na jahazi lake kati ya Unguja na Ngazija. Hunt alichukua vipeperushi vyenye picha ya silakanti na ahadi ya pauni 100, akavisambaza Komoro. Desemba ya mwaka huo samaki akapatikana Nzwani. Aliyemvua alikwenda naye sokoni kama kitoweo cha kawaida, kwa sababu Wakomoro walimjua siku zote na jina walishampa, gombesa. Mwalimu wa skuli ndiye aliyekumbuka picha na kuzuia kisu. Smith alitumiwa ndege ya kijeshi na waziri mkuu wa nchi yake ili amfuate.

Vipeperushi vile viliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Wanaovua gombesa hawakuwa wasomaji wa lugha hata moja kati ya hizo. Bila mwalimu yule, zawadi ya pauni 100 ingeliwa na watu wa sokoni kwa wali.

Wakati mambo hayo yanatokea, Zanzibar ilikuwa tayari na kituo chake cha utafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha hapa Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Bahari la Afrika Mashariki, maarufu kwa herufi EAMFRO, chini ya Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki. Wenzao wa maji baridi walikaa Jinja, Uganda. Wakurugenzi na wanasayansi walitoka Uingereza, mabaharia na wasaidizi walikuwa watu wa pwani. Swali walilopewa lilikuwa la kiuchumi: bahari ya Tanganyika, Kenya na Zanzibar ina samaki wa kutosha kwa uvuvi mkubwa? Frank Williams alifuatilia jodari na jamaa zake wa maji ya juu; J. F. C. Morgans alichunguza samaki wa miambani. B. S. Newell aliandika ripoti mbili, mwaka 1957 na 1959, juu ya maji yenyewe.

Ripoti za Newell bado zinatajwa na wanafunzi wa leo, na zinastahili. Alipima joto na chumvi ya bahari msimu baada ya msimu, akaonyesha kinachotokea chini ya pepo ambazo nahodha yeyote wa Unguja anazijua. Wakati wa kusi mkondo wa pwani unakwenda kaskazini kwa nguvu, maji yanapoa na kuchanganyika. Wakati wa kaskazi mkondo huo unapungua kasi, maji ya juu yanapata joto na kutulia, na huko Kenya ya kaskazini unakutana na mkondo mwingine unaoshuka kutoka Somalia. Mvuvi alijua lini atoke na lini avute chombo pwani. Newell aliongeza habari za kina ambacho mshipi wa mvuvi haukuwa na njia ya kukisimulia.

Sayansi ya namna hiyo haikuanzia baharini. Kabla ya kituo cha Zanzibar, Wajerumani walijenga mwaka 1902 kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, na mfano walioufuata ulitoka Java: bustani ya Buitenzorg, ambayo leo ni Bogor, iliyoanzishwa na Waholanzi mwaka 1817 na baadaye kuongezewa maabara ambamo wageni kutoka Ulaya walikuja kusoma mimea ya joto papo hapo inapoota. Albrecht Zimmermann, mmoja wa wataalamu wakuu wa Amani, alitokea Buitenzorg. Basi elimu ya viumbe vya nchi za joto ilifika kwetu kwa njia ileile iliyoleta karafuu, ambayo asili yake ni visiwa vya Maluku, na pengine njia ileile ya kale iliyotuletea ngalawa yenye matengo. Bahari ya Hindi imetuunganisha na Indonesia kuliko vitabu vyetu vya skuli vinavyokiri. Tofauti ni kwamba Bogor na Amani zilikuwa za mashamba makubwa. Mkulima mdogo alikuwa kibarua, hakuwa mtu wa kuulizwa. EAMFRO nayo ilirithi kidogo tabia hiyo. Ilihesabu samaki kwa uangalifu mkubwa, na wavuvi kwa uangalifu mdogo.

Halmashauri Kuu ikageuka Shirika la Huduma za Pamoja, kisha mwaka 1967 Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kituo kikabaki Zanzibar, kikitumikia nchi tatu, moja kati yao isiyo na bahari. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na kila nchi ikabaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi mwaka 1979, makao yake Mombasa. Tanzania ilichukua njia mbili: Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na kabla yake, mwaka 1978, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliifanya Zanzibar kuwa makao ya Taasisi ya Sayansi za Bahari, katika Barabara ya Mizingani, baina ya bandari na Forodhani. Mtu akitoka mlangoni, bahari iko mbele yake.

Uamuzi huo una jambo la kushangaza ambalo halisemwi sana. Uvuvi wa Zanzibar si jambo la Muungano. Elimu ya juu ni la Muungano. Kwa hiyo wanasayansi wa Mizingani wamekuwa waajiriwa wa chuo cha Dar es Salaam wanaotafiti maji ambayo idara nyingine, ya serikali nyingine, ndiyo inayoyasimamia. Wangeweza kukaa kama wageni. Kilichowaokoa, kwa maoni yangu, ni udogo wa kisiwa. Unguja huwezi kuandika habari za wavuvi wa Tumbatu ukadhani hutakutana nao sokoni Darajani.

Miaka ya mwanzo niipite upesi. Mkazo ulikuwa kupata watu na vifaa, na katika nchi iliyokuwa na uhaba wa kila kitu hilo halikuwa dogo. Mabadiliko yalikuja kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Sweden ilipoanza kugharimia sayansi ya bahari katika Afrika Mashariki kupitia shirika lake la utafiti, lililokuja kuunganishwa na shirika la misaada la Sida. Utaratibu wake ulikuwa mzuri: kijana wa Kitanzania anasoma nadharia Stockholm au Göteborg, lakini utafiti anaufanya nyumbani, Chwaka, Kizimkazi au Menai, chini ya walimu wa pande mbili. Shahada za uzamivu zikaanza kutoka moja baada ya moja. Mwaka 1993 kikaundwa chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, na makao yake yakawa Zanzibar; Julius Francis wa Taasisi akawa mtendaji wake kwa miaka mingi. Tangu 2002 chama hicho kina jarida lake. Mkenya, Mmsumbiji na Mmalagasi wanaotaka kuchapisha habari za matumbawe yao hawalazimiki tena kuanzia London.

Ghuba ya Chwaka peke yake ilifanyiwa kazi nyingi kiasi cha kuzaa kitabu kizima mwaka 2012, kikikusanya utafiti wa mikoko, majani ya bahari, samaki na watu waishio humo. Wapo waliocheka kwamba kila kaa wa Chwaka ana mtafiti wake. Lakini mahali palipopimwa muda mrefu ndipo panapoweza kusema jambo baya linapotokea. Miamba ya karibu na mji ilianza kufuatiliwa na kina Christopher Muhando miaka michache kabla ya 1998. Joto la El Niño lilipoyapausha matumbawe mwaka huo, palikuwa na hesabu za nyuma za kulinganisha. Bila hizo tungekuwa na masikitiko matupu.

Sasa turudi kaskazini. Tarehe 28 Aprili 2006, mwaka mmoja na kidogo kabla ya silakanti, pomboo kwa mamia walikutwa wamekufa katika ufukwe wa Nungwi. Habari zilizunguka dunia ndani ya siku moja, na kila mtu alikuwa na jawabu: sumu, manowari za Marekani, laana. Watafiti wa Taasisi walipasua mizoga na kukuta matumbo karibu matupu, dalili kwamba wanyama hao hawakula chakula chenye sumu, bali walipotea njia kutoka maji ya kina. Kilichowapoteza hakikuthibitishwa. Naipenda kumbukumbu hiyo kwa sababu palikuwa na watu waliotazama kwanza ndipo wakasema, na wakakomea pale walipoishia kuona.

Hawakuwa wageni wa pomboo. Omar Amir wa Taasisi na wenzake walikuwa wamechapisha, katika juzuu ya kwanza ya jarida la WIOMSA, uchunguzi juu ya pomboo wanaonaswa kwenye majarife. Chanzo chao kikubwa kilikuwa wavuvi wenyewe, walioulizwa diko kwa diko. Hebu fikiri kinachotakiwa hapo. Mvuvi anaulizwa aseme amemwua mnyama ambaye serikali inataka aishi kwa sababu ya watalii wanaokwenda Kizimkazi kumtazama. Akikudhania mpelelezi atakuambia hajawahi kumwona. Walisema ukweli kwa kuwa aliyeuliza aliongea nao kwa lugha yao na alirudi tena mwaka uliofuata.

Na huko Indonesia, silakanti alipokelewaje? Mwaka 1997 Mark Erdmann na mkewe, wakiwa fungate Manado, katika kisiwa cha Sulawesi, waliona silakanti akisukumwa kwenye mkokoteni sokoni. Walimpiga picha, akauzwa. Julai 1998 mvuvi wa hapo akaleta mwingine, ambaye watu wa kwao wanamwita mfalme wa bahari. Hapo ukazuka ugomvi. Kundi la Mfaransa Laurent Pouyaud, likiwa na wanasayansi wa Kiindonesia, lilichukua vipande vya nyama kuchunguza vinasaba na mwaka 1999 likatangaza spishi mpya, Latimeria menadoensis, kabla Erdmann hajasema lake. Wengi walilaumu adabu ya jambo hilo. Mimi naona pia upande wake wa pili: samaki aliyepewa jina ametunzwa katika makumbusho ya wanyama ya Bogor, nchini mwake, na majina ya Waindonesia yamo katika orodha ya waliomwandika. Wa 1952 hakubaki Nzwani hata wiki moja.

Bahari ya kwetu iliendelea kuwatoa. Wavuvi wa Tanga, hasa maeneo ya Kigombe, waliwanasa wengi kwenye majarife ya kina, na mwaka 2009 serikali ikatenga eneo la hifadhi ya bahari lenye jina la samaki huyo. Yule wa Nungwi aliongeza Unguja katika ramani.

Kitu kilichogusa vyungu vya watu wengi zaidi, hata hivyo, ni mwani. Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alirudi kutoka Hawaii na shahada ya uzamivu katikati ya miaka ya 1970 akiwa na hakika kwamba pwani hii inaweza kulima mwani badala ya kuokota ule unaoota wenyewe, ambao ulikuwa ukiuzwa nje hadi ukapungua. Kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Sasa kina wakulima zaidi ya 20,000, wengi mno wakiwa wanawake. Kinachotakiwa na wanunuzi ni ute wake, unaoipa dawa ya meno na aiskrimu uzito wake. Indonesia ndiyo inayoongoza duniani kwa mwani wa aina hii, kwa hiyo mama wa Paje analipwa kwa bei inayoyumbishwa na mavuno ya Sulawesi, kisiwa asichokijua.

Kendwa haimo katika habari hii, na sababu yake ni ileile iliyoifanya ipendwe na watalii: bahari yake haikauki mbali maji yakitoka. Kigingi cha mwani kinataka uwanda wa maji mafupi. Lakini Kidoti, kusini kidogo mwa Kendwa, imo kabisa. Flower Msuya, mtafiti wa Taasisi, alikuwa mstari wa mbele kuanzisha mwaka 2006 umoja wa wakulima, wafanyabiashara na watafiti wa mwani Zanzibar, na wanawake wa Kidoti wakawa miongoni mwa waliojifunza kuusaga na kutengeneza sabuni. Kipande cha sabuni kina bei mara nyingi ya ile ya mwani uliotumika ndani yake. Kwa upande wa Jiddawi, katika vijiji vya Fumba na Bweleo, wanawake walifundishwa kufuga chaza wa lulu na kutengeneza mapambo ya makombe. Hizi si kazi zinazompandisha mwanachuoni cheo haraka. Makala katika jarida la nje hupandisha zaidi.

Lawama yangu ndiyo hiyo, na siielekezi Mizingani peke yake bali mfumo mzima wa vyuo vyetu. Tasnifu za Chwaka, Menai na Nungwi zimeandikwa kwa Kiingereza, zikapewa namba na kuwekwa kabatini. Mvuvi aliyejibu maswali yote kumi na tano ya dodoso mara nyingi hakuwahi kuona ukurasa wa majibu. Vijana wa skuli wanaopelekwa Kisiwa cha Chumbe kuogelea juu ya matumbawe na kuelezwa kwa Kiswahili kwa nini yanakufa wanajua mambo ambayo baba zao, walioyahesabu pamoja na watafiti, hawakurudishiwa. Tunafanya vizuri kuliko kipeperushi cha 1952. Si vizuri sana.

Taasisi imehamia Buyu, kusini ya mji, kwenye majengo mapana na maabara bora kuliko zilivyokuwa za Mizingani. Imepata wanafunzi zaidi, na imepata majirani katika kazi: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na taasisi ya serikali ya utafiti wa uvuvi, ZAFIRI. Abiria wa 116 akitaka kupeleka samaki wa ajabu Buyu lazima ashuke mjini apande gari nyingine, ingawa siku hizi picha inatangulia kwa simu.

Kazi iliyopo mbele ya kina Msuya ni ngumu kuliko sabuni. Tangu miaka ya 2000 maji ya ufukweni yamezidi joto, na cottonii, aina yenye bei nzuri, inapauka na kukatika kabla ya kukomaa. Waliobaki wanalima spinosum, yenye bei ya chini. Jawabu linalojaribiwa ni kuupeleka mwani kwenye maji ya kina, yenye ubaridi zaidi, ndani ya neti ndefu za mirija ili mawimbi yasiukate. Inafaa kimaumbile. Tatizo ni kwamba kilimo hiki kilikuwa cha wanawake kwa sababu kilifanyika maji yakiwa magotini, na wengi wao walikua bila kufundishwa kuogelea, wala chombo cha baharini si chao. Kwa hiyo mradi wa sayansi ya mimea umejikuta unafundisha kina mama watu wazima kuogelea na kuendesha boti, na wapo ambao sasa wanaifuata cottonii yao mahali ambapo miguu haifiki chini.